Boma Lenye Meno Kando ya Ziwa

Kwenye mambo ya majengo hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilikuwa nalisema hilo hata kabla sijanunua ile ngome, na watu wa Chang'ombe ya hapa Dodoma wanaonijua watakuambia. Nimeona nyumba ya vyumba saba iliyosahauliwa choo. Nimeona ghorofa ya mtu mwenye digrii mbili, kazitundika ukutani kwenye fremu, na ngazi yake inapanda vizuri mpaka inagonga dari, basi, imeishia hapo. Nimeona mume na mke waliotalikiana wakagawana nyumba kwa mstari wa chokaa katikati ya sebule, nikaitwa mimi kusimamisha ukuta juu ya mstari huo. Niliusimamisha, na wote wawili wakanilipa.

Mimi shule niliachia darasa la tano, huko Kondoa. Dodoma niliingia sina hata mkeka. Nilianza kwa kugonga kokoto kwa nyundo, jua la saa saba linakupiga kisogoni, vumbi linakuingia mpaka kwenye meno. Kutoka kokoto nikaja kwenye matofali, kutoka matofali nikaja kwenye bati na misumari, na serikali ilipohamia Dodoma moja kwa moja, wengine wakaanza kukimbia huku na huko kutafuta viwanja, mimi ilinikuta nimeshakaa mlangoni naisubiri. Pita Miyuji leo, hesabu nyumba. Ukichoka kuhesabu, ujue bado zangu hazijaisha.

Kitu kilichonitoa hasa ni maboma. Kwa asiyejua lugha ya saiti, boma ni nyumba iliyokwama. Kuta zimesimama, madirisha ni matundu, juu ni mbingu. Mwenye nayo kaishiwa, au kahamishwa kikazi, au kafa na ndugu hawaelewani. Mimi nilikuwa nanunua boma, naliezeka, naweka milango, nauza. Madalali wote wa mji walijua hivyo. Boma likipatikana popote, anapigiwa Mrangi, yaani mimi.

Lakini wakati ninaousimulia nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Magoti yalikuwa yanalia nikipanda ngazi ya saiti. Simu ilikuwa inaita tangu alfajiri, huyu maji yamekatika, huyu fundi kakimbia na saruji, huyu mpangaji kafa hajalipa. Nilikuwa nimewajengea watu mahali pa kukaa maisha yangu yote, na mimi mwenyewe nilikuwa sijakaa. Nikajiambia, nitafute jengo moja la mwisho. Hili siuzi. Nitafanya nyumba ya wageni ndogo, yenye kivuli na maji mbele yake, niweke kiti, nikae.

Ndipo dalali mmoja akanipigia.

"Bosi, kuna boma."

"Wapi?"

"Njia ya Kongwa, ila siyo Kongwa. Kando ya ziwa."

"Ziwa gani hilo njia ya Kongwa?"

"Bosi, wewe nunua boma. Ziwa utaongezewa bure."

Nilimchukua fundi wangu wa kupaua, ambaye yuko na mimi tangu nikiwa na suruali moja, tukapanda pikapu, dalali mbele anaelekeza. Fundi alibeba futi kamba na penseli sikioni, maana nilishamwambia tunakwenda kupima paa. Tukaacha lami, tukaingia kwenye vichaka vya miiba, tukakata korongo lenye mchanga. Halafu nchi ikafunguka. Ziwa lenyewe, kwa wakati ule wa kiangazi, lilikuwa sahani kubwa ya tope jeupe, na katikati maji ya kijani, ng'ombe wamesimama ndani mpaka magotini. Ukingoni, juu ya mwamba, kulikuwa na ngome.

Sitanii. Ngome ya mawe. Minara miwili ya duara, mmoja mrefu na mwingine mfupi, ukuta unaunganisha, na juu ya ukuta mzima meno, jino na pengo, jino na pengo, kama kinywa cha mtoto anayebadilisha meno. Pembeni, hatua chache kuelekea majini, kulikuwa na kanisa dogo la mawe yale yale, dirisha lake refu limechongoka juu. Lile kanisa halikuwa na paa.

Fundi alishuka, akaiangalia ngome, akaangalia futi kamba yake.

"Mzee, hili limeshaezekwa."

"Naona."

"Na limeota meno."

Nikamgeukia dalali. "Wewe uliniambia boma."

"Sasa hili siyo boma? Muulize mtu yeyote hapa. Kijiji kizima kinaliita boma."

Tukaingia langoni. Ndani kulikuwa na ua, na ua ulikuwa umejaa samadi kavu mpaka usawa wa kizingiti, na ndama wanne walitutazama. Kutoka kwenye mnara mfupi akatoka mwanamke mzee, mwembamba, mrefu, shuka begani. Kijiji kizima kilimwita bibi, nami nitamwita hivyo hapa, ingawa kwa mdomo nilimwita mama. Ndiye alikuwa mwenye mali.

Nimekaa Ugogo miaka mingi, salamu yao naijua. Nikasema, "Mbukwenyi."

"Mbukwa," akajibu, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Umejifunza wapi, wewe mtu wa Kondoa?"

"Mama umejuaje?"

"Kofia hiyo, na namna ulivyolitazama ziwa. Nyinyi mkiona maji mnatafuta pa kupanda vitunguu." Akamgeukia dalali. "Ndiye huyu mtu wa kuezeka?"

"Ndiye huyu," dalali akasema haraka.

Nikafurahi. Nikajua sifa zangu zimefika mbali.

Historia ya lile jengo niliipata vipande vipande, kwa safari nilizokwenda kupima na kujadiliana, bibi amekaa kwenye kigoda anachambua mlenda. Hakuwa mtu wa kusimulia moja kwa moja. Alikuwa anatupa neno, anachambua, anatupa lingine.

Mzungu aliyelijenga alikuja na yale mashamba ya karanga ya Kongwa, wakati Waingereza walipoleta matrekta mengi kuliko mvua. Alikuwa fundi wa mitambo. Karanga zilipogoma, wenzake wakafunga masanduku wakarudi kwao. Yeye akabaki. Kwa nini alibaki bibi hajui, na baba yake, ambaye ndiye alikuwa mpishi wa yule mzungu, hakuwahi kumuuliza, kwa sababu mpishi haulizi hilo. Alihama Kongwa na mpishi huyo, na mizigo ya chuma chakavu, na kopo moja la biskuti.

Kopo hilo nimelishika mimi mwenyewe. Bibi alikuwa anawekea chumvi. Rangi imekwanguka, lakini kwenye mfuniko bado unaona ziwa, mlima, na ngome ndogo yenye meno imesimama kando ya maji, na pembeni yake kanisa. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa ramani. Hapakuwa na mchoro mwingine. Mzungu alikuwa anasimama juani na mfuniko mkononi, anawapigia kelele waashi, "Hapa jino! Hapa pengo!"

"Kwao alikaa kwenye jumba kama hili?" niliuliza.

"Wapi. Baba alisema mzee wake yule mzungu alikuwa anachimba makaa chini ya ardhi."

Hapo nikampenda yule mzungu. Mtu ametoka chini ya ardhi, hana baba wa kumsukuma, ameona jumba kwenye kopo la biskuti, akasema nitakuwa nalo. Mimi la kwangu nililiona kwenye kalenda ya duka la saruji.

Kasoro ilikuwa moja. Kwenye picha, paa la ngome halionekani. Meno yamelificha. Kwa hiyo mzungu alipandisha kuta zake mpaka juu, halafu akakwama, hajui afunike na nini. Waashi, Wagogo wa hapo hapo, wakamwambia, bwana, hilo tuachie. Wakalaza magogo, juu yake fito, juu yake majani, juu yake udongo wa kushindilia, paa bapa, kama wanavyofanya kwenye matembe yao tangu mababu. Fundi wangu alipopanda juu alishuka anacheka. "Mzee," akasema, "hii siyo ngome. Hili ni tembe limevaa koti la mawe." Lakini lilikuwa zima. Kila mwaka kabla ya masika bibi aliwaita wanawake, wakalipaka udongo mpya, na halikuvuja.

Kanisa mzungu aliliezeka kwa bati, maana alikuwa nalo chakavu la kutosha kijumba hicho tu.

"Alikuwa mcha Mungu?" niliuliza.

"Hata." Bibi alitupa bua la mlenda. "Baba alimuuliza, bwana, hiki kijumba cha nini? Akasema, kipo kwenye picha."

Kwa muda mrefu mzungu aliweka humo madumu ya oili. Ni mpishi ndiye aliyeomba, Jumapili moja, wahamishe madumu wapate kusali. Mzungu akakubali, kwa sharti wayarudishe Jumatatu. Wakawa wanahamisha na kurudisha, mpaka Jumatatu moja wakaacha kurudisha, naye hakusema kitu. Kengele ilikuwa sahani ya plau ya trekta, imetundikwa kwenye mti, inagongwa kwa nati kubwa. Bado ipo.

Miaka ya mwanzo ya uhuru mzungu aliugua, akaondoka na sanduku moja juu ya lori, akamwachia mpishi funguo. Vikaja vijiji vya ujamaa, watu wakasogezwa karibu na ziwa, na ngome ikawa ghala la mtama na ofisi ya chama. Ghala jipya lilipojengwa, kijiji kikairudisha kwa familia. Fisi walipozidi, watu wakaanza kulaza ng'ombe wao ndani ya ua. Hivyo ndivyo nilivyowakuta wale ndama.

Na paa la kanisa? Liliondoka na upepo. Anayejua upepo wa huku mwezi wa nane hataniuliza zaidi. Mabati yaling'oka yote pamoja yakaangukia ziwani, na mpaka leo tope likikauka unaona moja linachungulia.

Siku ya kukubaliana nilitaja bei ya chini, ya kuanzia, nikakaa nisubiri anipandishe. Mimi kwenye kupatana bei sijashindwa na mtu, nimepatana na Wahindi, nimepatana na Wachaga. Bibi hakupandisha. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na kuezeka utaezeka?"

"Mama," nikamwambia, "kuezeka ndiyo kazi yangu."

Akatoa mkono.

Tukaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji akaandika kwamba fulani amemuuzia fulani boma lililopo kando ya ziwa. Mimi karatasi nasoma polepole, kwa kidole, lakini nasoma. Niliisoma yote, nikatia saini, bibi akatia dole gumba, mwenyekiti wa kijiji akagonga mhuri. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa namwambia fundi, umeona? Umeona jinsi mtu anavyonunua ngome kwa bei ya kibanda? Fundi alikuwa kimya. Nilidhani ana njaa.

Tulitoa samadi wiki nzima. Ikatoka sakafu ya mawe chini yake, safi. Vyumba vilikuwa vitano, nikaona vinanitosha. Tatizo likawa jiko. Ukipika ndani ya ngome moshi unajaa kwenye minara kama kwenye bomba, wageni watatoka wanakohoa. Nikatazama kanisa. Liko pembeni, upepo unatokea upande wa ngome kwenda ziwani, kuta nzima, maji karibu. Nikamwambia fundi apime.

"Mzee, lakini hili ni kanisa."

"Lina paa?"

"Halina."

"Basi ni boma kama maboma mengine."

Akapima. Nami nilikuwa naamini nilichosema. Nilikuwa nimenunua kila kitu kilichosimama kando ya lile ziwa, na jengo lisilo na paa kwangu lilikuwa ni kazi inayosubiri.

Bibi alikuwa amehamia kwa mwanawe pale kijijini. Alituona kutoka mbali, akaja na fimbo na kigoda chake.

"Mnapima nini, wanangu?"

"Paa, mama," akasema fundi.

Uso wake ukafunguka kabisa. "Mungu awape nguvu. Nilijua mtakuja kabla ya mvua."

"Bomba la moshi tutalitoa upande huu wa ziwa," fundi akaendelea. Mtu mwaminifu ana hasara zake.

"Moshi wa nini kanisani?"

Fundi akanitazama. Nikasema mimi. "Tunafanya jiko, mama. La wageni."

Hakupiga kelele. Aliweka kigoda chake katikati ya mlango wa kanisa, akakaa, akakunja shuka magotini.

"Mafiga mmeshaleta?"

"Bado, mama."

"Leteni mawili. La tatu mimi."

"Mama, usiku utaingia."

"Uingie, mlango uko wazi. Na wewe umevua viatu msikitini kwako miaka yote hiyo, leo unataka kukaanga mayai ya watu hapa?"

Nilimwambia pole pole kwamba mimi sina ugomvi na dini ya mtu, nusu ya mafundi wangu ni Wakristo, Krismasi nawapa mchele. Akasema hazungumzii mchele. Ndipo akanieleza kitu ambacho, kwa haki, alikuwa hajawahi kunificha, ila mimi nilikuwa sijauliza.

Mume wake alifariki baada ya upepo kuchukua paa. Walimleta hapo kusaliwa, kwa sababu alibatizwa hapo na kuoa hapo. Katikati ya ibada mvua ikashuka, ile ya kwanza yenye mawe. Wanaume wakashika mikeka juu ya jeneza, mikeka ikalemewa. Kitabu cha katekista kikalowa kurasa zikashikana, akamaliza kwa kichwa, akaruka mahali. Jeneza lilikuwa la mbao laini, likavimba, kifuniko kikakataa kukaa.

"Mume wangu kazikwa ameloa kama mtu aliyezama," bibi akasema, "na hapa ni Ugogo, watu wanakufa kwa kukosa maji. Watu walicheka. Siyo kwa ubaya, lakini walicheka. Mimi sitaki kulowa. Ndiyo maana nikauza boma."

"Mama, lakini na hili ni boma."

"Hili? Hili ni kanisa. Boma ni lile linalolala ng'ombe."

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji akatuita barazani. Alikuwa kijana kwangu, mfupi, mchangamfu, alinipa shikamoo yenye heshima zote na kiti chenye egemeo. Watu wakajaa. Swali lilikuwa moja, na mwenyekiti alilisema vizuri: hati inasema limeuzwa boma, sasa boma ni nini? Kama kanisa limo ndani ya boma, mwenye boma atapika humo. Kama halimo, halimo.

Bibi akasimama akasema boma ni zizi, kila mtoto anajua, na yeye ameuza zizi na kuta zake na minara yake, akakaa.

Mzee mmoja akasema hapana, boma ni ofisi ya serikali, na lile lilianza kuitwa hivyo lilipokuwa ofisi ya chama, yeye mwenyewe alilipia kadi humo.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama. Ninajua kusema mbele za watu, sikusomea, nimezaliwa nako. Niliwaambia, ndugu zangu, nawaheshimu, lakini mambo ya majengo niachieni mimi. Nimejenga Miyuji, nimejenga Chang'ombe. Maboma niliyonunua hayana idadi. Boma siyo zizi wala siyo ofisi. Boma, popote pale Tanzania hii, kwa fundi yeyote, ni kuta zilizosimama bila paa. Jengo likiezekwa siyo boma tena, limekuwa nyumba. Sasa tokeni nje mtazame lile kanisa. Lina paa? Halina. Basi ni boma, na boma ndilo nililouziwa.

Nilikaa nikiwa nimeridhika sana.

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Mzee wangu, nikuulize kidogo tu. Ile ngome, kubwa ile. Ina paa, haina?"

Nikaanza kuona shimo lenyewe, lakini mguu ulishaingia.

"Inalo."

"Kwa hiyo siyo boma."

Nikaishika kofia yangu, nikaiweka sawa.

"Kwa hiyo, kwa maelezo ya mtaalamu wetu, alichonunua ni kanisa."

Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Mtu nyuma akasema, "Tumepata katekista kutoka Kondoa." Mwingine akasema, "Rudisheni ng'ombe jamani, kabla hajabadilisha kamusi." Bibi peke yake hakucheka. Aliniangalia tu, kama anayengoja chungu kichemke.

Nikampigia dalali, nikaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Wewe, uliniuzia nini kwenye lile ziwa?"

"Boma, bosi."

"Boma lipi?"

"Kwani yapo mangapi?"

"Na bibi ulimwambia nini kuhusu mimi?"

"Nilimwambia ukweli, bosi. Kwamba mnunuzi wangu ni mtu wa kuezeka. Akasema basi mlete, maana ana kanisa halina paa. Nimekosea wapi? Bosi, niko juu ya bodaboda, sikusikii."

Akakata.

Bibi akasimama mara ya pili. "Bei aliyoitaja ilikuwa ya kibanda, naijua. Sikumpandishia. Sehemu iliyobaki niliiweka kwenye paa. Nilimuuliza mbele ya fundi wake, utaezeka? Akasema kuezeka ndiyo kazi yangu. Fundi yule pale, asimame aseme."

Fundi hakusimama. Alijibu amekaa, macho kwenye ndala zake. "Alisema."

Ningeweza kwenda mbele. Karatasi ilikuwa na neno moja tu, na neno moja linavutika upande wowote ukiwa na wakili mzuri, na mimi wakili ninaye. Kesi ingekwenda mjini, ingeahirishwa, hakimu angehamishwa, tungeanza upya. Zamani ningefanya hivyo kwa raha. Siku ile nilikaa kwenye kile kiti chenye egemeo, nikawaza ngazi za mahakama, na magoti yangu, na mjini watu wanavyosema, fulani Mwislamu kafunga kanisa la kijiji akafanya jiko. Nikamwangalia yule mwanamke. Alikuwa ameomba kitu kimoja. Maisha yangu yote watu wananiomba paa, nawapa, nachukua hela, naondoka, na huyu alikuwa ameshanilipa bila mimi kujua.

"Nitaezeka," nikasema.

"Kabla ya mvua," akasema bibi.

"Kabla ya mvua, mama."

Nyumbani mke wangu alisikiliza habari yote hajanyanyua macho kwenye sufuria. "Umri huu ndipo umepata kazi ya kanisa," akasema. Akafunika sufuria, akaongeza, "Weka mbao nzuri. Wasije wakasema Mrangi kawapa makapi."

Niliweka mbao nzuri. Kenchi, zile mbao za kubeba bati, tulizifunga kwa waya mnene, tukaushusha ndani ya ukuta mpaka kwenye mawe ya chini, ili upepo ukitaka paa uchukue na kanisa zima. Bati nilichukua nzito, ambayo mwenyewe siiweki kwenye nyumba ya kuuza. Bibi alikuja kila siku na kigoda. Alikataa bati la rangi ya bluu, akasema bluu ya mbinguni inatosha. Alimkataza fundi asiimbe nyimbo za disko juu ya kenchi, fundi akahamia kwenye nyimbo za kwao Singida, bibi akasema hizo ni afadhali kwa sababu hazielewi.

Mvua ilitangulia Jumapili ya kwanza ya ibada, na siku yenyewe ikashuka tena. Nilikuwa nimesimama chini ya lango la ngome, mgeni wangu mmoja tu wa wiki ile, ofisa wa wizara, amelala ndani. Maji ya ziwa yalikuwa yameshapanda mpaka chini ya mwamba, ya kahawia, yanachemka kwa matone. Kanisani walianza wimbo, halafu mvua ikazidi, sikusikia tena wimbo, nilisikia bati tu, kama mtu anamwaga kokoto zisizokwisha. Walikaa humo mpaka ilipopungua. Walipotoka, walitoka wakavu wote, wanajikung'uta kwa mazoea.

Bibi akaja moja kwa moja langoni.

"Umeezeka vizuri. Halivuji hata tone."

"Asante, mama."

"Lakini neno hatukulisikia. Katekista kafungua mdomo, kafunga mdomo, tukasema amina."

"Mama, dari haikuwemo kwenye maneno yetu."

"Haikuwemo," akakubali. Akasimama hapo, amejishikilia kwenye fimbo, hana haraka. "Wewe siku yako ikifika, utapenda watu wasikie wanachokuombea, au wasikie bati?"

Dari nikaweka.

Ngome ipo, jiko nimelijenga nje ya ukuta, kiti ninacho, na jioni nyingine nakaa nacho mbele ya maji. Wageni ni wachache kuliko nilivyopanga na magoti ni yale yale. Mjini watu wanapenda kuniuliza ngome ilinigharimu kiasi gani, nami sisemi, hiyo ni siri yangu na mwenye kuuza. La kanisa nalisema, kwa sababu wengine wanadhani nilitoa mabaki ya saiti. Mbao, bati, waya, misumari, ujira wa mafundi na chakula chao, lori mara mbili kwa kuwa la kwanza lilizama kwenye tope mpaka ekseli, na dari yenyewe na rangi yake nyeupe: shilingi milioni nane, laki saba, elfu arobaini na sita na mia tano.